Miguu ya Mzazi na Mishipa Iliyofura

Siku ya tisa baada ya kujifungua mtoto wangu wa tatu, nikiwa nimejinyosha juu ya mkeka katika chumba cha uani nyumbani kwa mama yangu, Tanga, mkandaji aliyenihudumia tangu uzazi wa kwanza alichovya taulo katika maji yaliyokuwa yakifuka mvuke, akalikamua, akalibandika juu ya shavu la mguu wangu wa kushoto, kisha akasita. Palikuwa na mshipa pale, rangi yake samawati iliyoingia weusi, umejipindapinda kama mzizi wa mkoko uliotokeza juu ya tope, na unene wake ulipungua kidogo tu kuliko kidole changu cha mwisho. "Hii ni damu iliyokataa kutoka, mwanangu," akasema, "tuirudishe njiani." Na kwa mapenzi yote aliyokuwa nayo akaanza kuukanda kwa gumba, kutoka gotini kushuka kifundoni, maji yakiwa ya moto kiasi cha kunifanya niume upindo wa kanga. Siku tatu baadaye mshipa ule ulikuwa mgumu kama kamba iliyokaushwa juani, ngozi juu yake imewiva, na kuugusa tu kulitosha kunitoa machozi. Tabibu aliyeniangalia alisema damu imeganda ndani ya mshipa wa juu, na ya kwamba ni bahati yangu haikuganda katika ile mikubwa ya ndani ya nyama, kwani huko donge lingeweza kung'oka likapanda mpaka mapafuni.

Sisemi ya kwamba mikono ya bibi yule ndiyo iliyoigandisha damu yangu, maana damu ya mzazi ina tabia ya kuganda upesi hata asipoguswa na mtu. Wala simlaumu, kwa kuwa alifanya kama alivyofundishwa na waliomtangulia, na mengi katika mafundisho yao yalikuwa na faida. Lakini tangu siku hiyo nimeitafakari miguu ya wazazi kuliko nilivyopata kutafakari jambo jingine lolote la uzazi, nikauliza waganga wa hospitali, nikasoma, nikajaribu kwa miguu yangu mwenyewe, na haya ninayoyaandika ndiyo niliyotamani mtu anieleze kabla ya taulo lile la moto.

Kwanza yafaa tujue ni kitu gani hiki. Damu hutoka moyoni kwa mishipa iitwayo ateri, ikisukumwa na moyo wenyewe; walakini kurudi kwake kutoka nyayoni kwa mishipa iitwayo vena, ikipanda kimo chote cha mtu, hutegemea zaidi nyama za shavu la mguu, ambazo kila tukanyagapo hujikaza na kuzikamua vena kama mkono ukamuavyo tui katika kifumbu. Na ili damu iliyokwisha kupandishwa isishuke tena mguu unapolegea, ndani ya vena muna vilango vidogo, ndivyo vali, vinavyofunguka kuelekea juu na kujifunga damu itakapo kurudi chini. Msomaji anaweza kuushuhudia utendaji wa vilango hivi mkononi mwake, kwa mfano wa jaribio alilolieleza tabibu wa Kiingereza William Harvey katika kitabu chake cha mwaka 1628. Uning'inize mkono mpaka mishipa itune; bonyeza mshipa mmoja kwa kidole, kisha kwa kidole cha pili uusugue kuelekea kiwikoni, na hicho cha pili ukiondoe. Kipande cha mshipa kilicho juu ya kidole kilichobaki kitanywea na kukaa kitupu mpaka penye kinundu kidogo, na kinundu hicho ndicho mahali pa kilango kilichoizuia damu isirudi. Kiondoe na kidole cha kwanza, na mshipa utajaa mara moja kutoka chini.

Vilango hivi vikilegea visikutane, damu hushuka tena na kutuama, mshipa hutanuka, na kutanuka kwake huvitenga vilango zaidi, hata mwisho wake ni ile mikunjo tunayoiona chini ya ngozi. Mtu akisimama pasipo kutikisika, shinikizo la damu katika vena za kifundoni hufikia kama milimita 90 za zebaki; akienda hatua chache tu, hushuka hadi karibu 30. Naomba hesabu hiyo ikaririwe kichwani, kwa sababu karibu kila nasaha itakayofuata imejengwa juu yake.

Mimba nayo huileta adha hii kwa njia tatu kwa pamoja. Damu ya mwanamke mjamzito huongezeka kwa karibu nusu ya ile aliyokuwa nayo. Homoni ya projesteroni, ambayo kazi yake ni kuutuliza mji wa mimba usijikaze kabla ya wakati, huilegeza na mishipa pia. Na mji wenyewe, kadiri unavyokua, huilalia mishipa mikubwa inayorudisha damu ya miguu. Mguu wa kushoto huumia mara nyingi kuliko wa kulia, maana vena ya upande huo hupita chini ya ateri katika njia yake ya nyongani na kubanwa hapo, na kwa kuwa ile vena kuu ya tumbo iko upande wa kulia wa uti wa mgongo, wajawazito huambiwa walalie ubavu wa kushoto. Aliyezaliwa na mama mwenye mishipa hii yamkini ataipata, na kila mimba huizidisha. Waarabu huiita dawali, neno ambalo kwao ni jina la mizabibu pia, na jamaa zetu walioko Maskati hulitumia mpaka leo. Ibn Sina aliiandika katika Kanuni yake karne ya 11, akaiweka pamoja na matende. Tangu zamani, basi, miguu hii imekuwa ikiwashughulisha wenye hikima.

Habari njema ni kwamba mji wa mimba ukishanywea na homoni zikirejea mahali pake, mishipa mingi hupungua yenyewe, zaidi katika miezi mitatu au minne ya mwanzo, na mingine huendelea kunywea mpaka mtoto anapotimiza mwaka. Mwanamke asiingiwe na fadhaa kwa kuiona ingalipo siku ya kutoka nje. Ila asijifanye kipofu pia, kwani kuna mambo ya kufanya na ya kuacha, nayo huanza ndani ya arubaini.

Arubaini ni desturi yenye hikima kubwa. Mzazi huondolewa kazi, huletewa uji wa pilipili manga na supu, huogeshwa, huzungukwa na wanawake wanaojua. Na mimi si miongoni mwa wale wanaotaka iachwe. Bali tumeichanganya raha na ulalaji. Mzazi anayekaa kitandani siku nzima miguu imenyoka, au mbaya zaidi imening'inia pembeni mwa kitanda huku akimnyonyesha mtoto saa kwa saa, amekinyima kile kifumbu mkono wa kukikamua, na hali damu yake, kwa rehema ya Mola iliyokusudiwa kumkinga na kuvuja wakati wa uzazi, imekuwa nyepesi ya kuganda kuliko wakati mwingine wowote wa umri wake. Wepesi huo hudumu kwa nguvu majuma sita ya mwanzo, muda ambao takriban ndio zile siku arubaini zetu. Kwa hiyo mzazi aliyejifungua salama na ainuke siku ileile, aende msalani kwa miguu yake, azunguke ua asubuhi na jioni akiwa amejifunika kama desturi itakavyo. Na aliyepasuliwa ainuke mara wauguzi wamwambiapo, hata kama kidonda kinamvuta, kwa kuwa yeye ndiye aliye katika hatari zaidi. Na awapo kitandani, kila saa awapo macho, avute vidole vya miguu kuelekea kwake kisha avisukume mbali, mara 20 au 30, pole pole, mpaka ahisi shavu la mguu likikaza na kulegea.

Mara tatu au nne kwa siku ainue miguu juu kuliko moyo kwa robo saa au zaidi. Hapa wengi hukosea kidogo, na kosa hilo dogo huondoa faida yote: huweka mto chini ya goti peke yake, goti likakunjika, na mshipa upitao nyuma yake ukabanwa. Mto uanzie chini ya kisigino uje mpaka kwenye shavu, goti likiwa limenyoka kwa ulegevu; au alale chali kwenye mkeka, makalio karibu na ukuta, na miguu aiegemeze ukutani. Usiku, tofali moja chini ya kila tendegu la upande wa miguu latosha, na kitanda hakitamwangusha mtu.

Ama maji ya moto, msimamo wangu ni huu, na najua kina bibi hawataupenda: yasifike miguuni. Joto huilegeza mishipa iliyokwisha kulegea, damu ikazidi kujaa, na mzazi akainuka na miguu mizito kuliko alivyolala. Akandwe kiuno ikiwa anaona raha, kwa maji yasiyounguza na yasiyokaribia kidonda cha operesheni. Lakini miguu imalizwe kwa maji ya baridi ya mtungini, yakimwagwa kutoka gotini kushuka chini, na atasikia unafuu papo hapo. Kupaka mafuta ya nazi ni kuzuri, maana ngozi iliyo juu ya mishipa hii hukauka na kuwasha, na kuikuna huleta vidonda. Lakini mkono uwe mwepesi, uende kutoka kifundoni kupanda juu, wala usiugandamize mshipa wenyewe. Mguu mmoja ukiuma na kuvimba usikandwe kamwe, na mtu yeyote. Vilevile kupiga chuku au kuchanja juu ya mshipa uliofura kwa nia ya kutoa damu chafu ni jambo la hatari: damu ile si chafu, ni damu iliyokwama, na mshipa wenye shinikizo kubwa chini ya ngozi nyembamba ukishatobolewa humwaga damu kwa wingi wa kutisha.

Liko na suala la mkaja. Nguo hii ya kufunga tumbo ina heshima yake kwetu, hata mama wa bibi arusi hupewa haki yake kwa jina hilohilo la mkaja, kwa kukumbuka siku alizojifunga kwa ajili ya binti huyo. Haidhuru kuuvaa, hudhuru kuukaza mpaka pumzi ifupike, maana tumbo lililobanwa hivyo huzigandamiza vena zilizomo ndani yake, na zikibanwa hizo, za miguu hazina pa kumwagia. Uufunge kiasi cha kupitisha kiganja kwa urahisi, na uulegeze uketipo. Furungu na mitali iliyomkaa vizuri kabla ya mimba yaweza sasa kuacha mbonyeo katika nyama ya kifundo. Ivuliwe iwekwe kasikini mpaka miguu ipungue. Kadhalika mipira ya soksi na ya gagulo iachayo alama nyekundu.

Katika chakula sina mengi. Choo kigumu humfanya mtu ajikamue, na kujikamua hupandisha shinikizo tumboni na kuleta bawasiri, ambayo nayo ni vena zilizofura, ndugu mmoja na hizi za miguu. Mchicha, kunde, maharage, papai, dona, na maji tele hasa kwa anyonyeshaye. Uji wa pilipili manga na uendelee, lakini usiwe ndio chakula chote.

Sasa nije kwenye jambo ambalo naliona kubwa kuliko yote, na ambalo kwetu halijulikani inavyostahili, nalo ni soksi za mgandamizo. Katikati ya karne ya 20 alikuwako mhandisi mmoja mzaliwa wa Ujerumani aliyehamia Marekani, jina lake Conrad Jobst, aliyekuwa akiteswa na vidonda vya miguu vilivyoletwa na mishipa ya namna hii. Naye akatambua ya kwamba kila asimamapo ndani ya bwawa la kuogelea maumivu humwondoka. Akafikiri, akaona ya kwamba maji huubana mguu kwa nguvu zaidi kadiri ya kina chake, hivyo kifundo hubanwa kuliko shavu, na shavu kuliko paja, na damu husukumwa juu. Ndipo akaunda soksi ifanyayo vivyo hivyo nchi kavu. Siri ya soksi hizi ni hiyo: hubana zaidi kifundoni na kulegea zipandapo. Soksi ya kawaida yenye mpira juu hufanya kinyume chake, na kwa mguu wa namna hii ni adui.

Hupimwa kwa zile zile milimita za zebaki. Zenye 15 hadi 20 zinamfaa mwenye mishipa isiyo mikali na miguu mizito jioni; za 20 hadi 30 zivaliwe kwa shauri la tabibu. Mguu upimwe kwa utepe mzingo wa kifundo na wa shavu, asubuhi kabla haujavimba, kwani soksi iliyonunuliwa kwa kukisia ni hasara. Na uvaaji wake una ufundi. Ivaliwe kitandani, kabla nyayo hazijagusa sakafu, mishipa ingali mitupu. Ingiza mkono ndani, ushike kisigino cha soksi, uipindue nje ndani mpaka hapo. Tumbukiza wayo, panga kisigino pahali pa kisigino, kisha uipandishe kidogo kidogo kwa viganja, si kwa kuivuta kwa kucha, ukilainisha kila kunjo. Glavu za mpira za kuoshea vyombo husaidia sana kuishika, na poda kidogo mguuni huirahisishia njia. Ikifika juu usiikunje ukingo wake, maana kunjo hilo hugeuka kuwa kitanzi cha kuufunga mguu. Usiku ivuliwe, ifuliwe kwa mkono, ianikwe kivulini. Na ikishatumika kwa muda wa miezi sita hivi mpira wake huwa umechoka, ibadilishwe. Vidole vikifa ganzi au kugeuka rangi, ivuliwe mara moja. Na mwenye kisukari, au mwenye nyayo za baridi na maumivu ya mguu atembeapo, asiivae kabla ya kupimwa, kwani yamkini tatizo lake liko katika ateri, na huko mgandamizo hudhuru.

Nitaambiwa ya kwamba ni vigumu kuvaa kitu kama hicho katika joto la kaskazi. Ni kweli, na mimi mwenyewe nilizivua mara nyingi kabla sijazoea. Nilichojifunza ni kwamba saa za asubuhi mpaka adhuhuri, ambazo ndizo za kusimama na kufanya kazi, zina faida kubwa kuliko za jioni. Na mwenye kuishi ufukweni ana dawa ya bure, ileile iliyomzindua Jobst: nifasi ikishakatika na vidonda kupona, aende baharini maji yakiwa yamejaa, atembee na maji yakiwa kiunoni kwa nusu saa.

Baada ya arubaini kazi hurejea, na kazi zetu wanawake nyingi ni za kusimama mahali pamoja. Mama lishe husimama mbele ya jiko tangu alfajiri, mwalimu mbele ya ubao, muuguzi wodini, na anayekuna nazi hukaa juu ya kibao cha mbuzi magoti yamekunjwa na tumbo limeyalalia mapaja. Sitamwambia mtu aache riziki yake. Namwambia ya kwamba kila nusu saa ainue visigino vyote viwili, asimame kwa vidole, ashuke, mara 20, mkono mmoja ukishika meza. Hakuna atakayemwuliza afanya nini, na shinikizo lile la 90 litakuwa limeshuka. Viatu viwe vya kisigino kifupi, kwa sababu kisigino kirefu huzuia shavu la mguu lisijikaze sawasawa. Wakati wa kuchambua mchele au kumnyonyesha mtoto, ule mkao wa zamani wa jamvini, mgongo ukutani na miguu imenyoshwa mbele, ni bora kuliko kiti. Na atembee nusu saa kila siku, mtoto akiwa mbelekoni. Asafiriye kwa basi kutwa nzima, au kwa ndege kwenda Maskati kwa mumewe mtoto akiwa mchanga, asipitishe saa mbili bila kuinuka, na kabla ya majuma sita kutimia asiondoke pasipo shauri la tabibu.

Sasa hatari. Hapa naomba na wanaume wasome, kwa sababu mara nyingi wao ndio watakaotafuta gari usiku. Mshipa wa juu ukiwa mgumu, mwekundu na wenye kuuma, kama wangu, mzazi apelekwe akaonekane siku hiyo au ya pili. Lakini mguu mmoja ukivimba kupita mwenzake, shavu likauma na kuwa la moto, hata kama hakuna mshipa wowote uonekanao, hiyo yaweza kuwa damu iliyoganda ndani, na siku isipite. Na ikiwa mzazi ghafula anakosa pumzi, au anachomwa kifuani kila avutapo hewa, au anakohoa damu, au anazirai, basi yamkini donge limekwisha kupanda mapafuni, na kila dakika ni ya thamani; asipewe chai ya tangawizi, asikandwe kifua, aendeshwe hospitali. Mshipa ukipasuka na kutoa damu, jambo linaloweza kutokea hata kwa kukwaruzwa na kiatu, alazwe chini palepale, mguu uinuliwe juu ya kimo cha moyo, kitambaa safi kigandamizwe juu ya tundu kwa dakika 10 bila kuchungulia, kisha afungwe vizuri na apelekwe. Usifungwe kamba juu ya goti. Nimesikia ya watu waliosimama wameduwaa huku damu ikiruka, hali kulala tu na kuinua mguu kungeikatiza.

Ngozi ya juu ya kifundo, upande wa ndani, ikigeuka nyeusi, ikakakamaa na kuwasha, hiyo ndiyo dalili ya kwamba kidonda kiko njiani, na kidonda cha namna hiyo huchukua miezi kupona. Wengine Pwani hudhani ni matende. Matende husababishwa na minyoo midogo iletwayo na mbu, huuvimbisha mguu uvimbe usioondoka kwa kulala, na ngozi huwa nene. Uvimbe wa mishipa, aghalabu, huzidi jioni na kupungua alfajiri. Dawa zake ni mbalimbali kabisa, kwa hiyo mtu apimwe.

Juu ya kupanga uzazi nina neno fupi lakini zito. Mishipa iliyofura peke yake haimzuii mtu kutumia njia yoyote. Ila vidonge vyenye homoni ya estrojeni huizidishia damu wepesi wa kuganda, havifai katika majuma matatu ya mwanzo kwa mzazi yeyote, wala kabla ya majuma sita kwa anyonyeshaye, na aliyewahi kugandiwa damu katika mishipa ya ndani asivitumie kabisa. Kitanzi na kijiti viko, na vidonge visivyo na estrojeni viko; amweleze mhudumu historia ya miguu yake kabla hajachagua.

Ikiwa mwaka umepita, na mishipa ingali inauma, au ngozi imeanza kubadilika, ndipo iangaliwe kwa ultrasaundi ili ijulikane ni kilango gani kilichoharibika. Tiba zipo: iko sindano inayoufanya mshipa ujifunge, iko njia ya kuuchoma kwa ndani kwa laza au mawimbi ya redio, na iko operesheni ya zamani ya kuung'oa. Mwili haupungukiwi, kwa sababu damu huihama njia mbovu ikapita katika vena nzima. Ushauri wangu ni kutoharakisha: anayetarajia kuzaa tena, na hali mishipa yake haina madhara, afadhali angoje, kwani mimba ijayo yaweza kuileta mipya. Na asidanganyike na anayeuza mafuta ya kuipoteza kwa wiki mbili. Hakuna mafuta yanayoweza kukirekebisha kilango kilicho ndani ya mshipa.

Limebaki la stara. Mishipa hii hutokea pia sehemu za siri, na mwanamke huiona akadhani ni maradhi ya aibu, akanyamaza, akateseka kukaa na kusimama miezi yote ya mwisho wa mimba. Na hali hiyo, karibu kila mara, huondoka yenyewe majuma machache baada ya kujifungua. Nilipoonyesha mguu wangu mara ya kwanza kabisa, katika mimba ya pili, niliambiwa na mhudumu mmoja ya kwamba hayo ni mambo ya urembo, niende zangu. Na kwa neno hilo nikauficha chini ya kanga miaka minne, mpaka taulo lile la moto. Wewe usiufiche. Juma la sita utampeleka mtoto kliniki kwa chanjo yake, na siku hiyo nawe una haki ya kuangaliwa: pandisha gauni lako mpaka gotini, simama mbele ya mkunga, na umwambie aitazame miguu yote miwili kabla hajakuuliza jambo jingine.